Nguzo Isiyo na Kichwa

Jioni hiyo Mama Fremu alikuwa ametoka kununua gundi tu. Mwenye duka la vifaa alikuwa na kawaida ya kuvuta mlango nusu kabla giza halijaingia, kwa hiyo alikwenda vilevile alivyokuwa, na aproni yake yenye vumbi la mbao, ndara mguuni. Alirudi na kopo mkononi. Taa za barabarani zilikuwa hazijawaka. Alipofika mlangoni pa karakana alisikia mtu anaongea ndani, akasimama.

Ilikuwa sauti ya baba yake.

Tangu amzike mkewe, mzee huyo alikuwa na maneno matatu: ndiyo, hapana, nimeshiba. Yalimtosha siku nzima, na siku nyingine yakabaki. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao, akautazama ukuta, na ukuta ukamtazama. Sasa sauti yake ilipanda na kushuka, ikakohoa, ikacheka kidogo.

Wateja walimwita binti yake Mama Fremu ingawa hakuwa na mtoto. Walitania kwamba wanawe wote wananing'inia ukutani. Karakana aliirithi kwa mama yake, aliyemfundisha kukata mbao pembe kwa pembe na kubandika karatasi ya mgongoni bila mkunjo. Baba alikuwa mwashi, mwashi hasa, wa mawe na chokaa, mpaka magoti yalipomkataza kupanda jukwaa. Walikuwa watu watatu katika nyumba ya nyuma ya karakana. Wakabaki wawili.

Mama Fremu hakulia msibani. Wanawake walikaa wakamsubiri alie, wakachoka, wakamsaidia kuosha vyombo, wakaenda zao. Ganzi ilikuwa imemshika kama ganzi ya mguu uliolaliwa vibaya. Tofauti ni kwamba mguu ukiusimamia damu hurudi. Yeye alikuwa amesimama miezi, na damu haikurudi. Alijua jambo moja tu: amebakiza mtu mmoja duniani, na mtu huyo naye anaondoka polepole akiwa amekaa kitini.

Aliingia.

Mgeni alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe amelifunga vifungo mpaka kooni. Juu ya meza ya kazi palikuwa na karatasi kubwa iliyokunjuliwa, na baba yake ameiinamia, miwani imemshuka puani.

"Ndiye binti yangu huyu," mzee alisema. "Mwanangu, washa taa. Njoo uone kazi."

Akawasha. Haikuwa picha ya rangi wala ya kamera. Ilikuwa ya kuchorwa kwa sindano juu ya bamba la shaba, tindikali ikala mistari, wino ukajaa ndani yake, karatasi ikakandamizwa. Ukingo wa bamba ulikuwa umeacha bonde dogo pande zote nne. Aliwahi kuziwekea vioo picha za aina hiyo, ila si kubwa hivi. Lilikuwa ni jengo. Ngazi pana zilipanda mpaka kwenye safu ya nguzo, juu ya nguzo boriti ndefu ya jiwe, juu ya boriti pembetatu ya paa yenye nakshi, na nyuma yake kuba likijaza anga. Katikati ya nguzo palikuwa na mlango mweusi. Hapakuwa na mtu hata mmoja.

"Jengo la wapi hili?" aliuliza.

"Halijajengwa," mgeni alisema. Alikuwa na sauti ya chini, kama anayeongea chumba cha mgonjwa. "Lilichorwa tu."

"Unataka fremu ya aina gani?"

"Utachagua wewe, mama. Kioo tu kiwe safi."

"Utaifuata lini?"

"Ikiwa tayari nitajua."

Akatoka. Alipompita, Mama Fremu alisikia harufu ya chokaa mbichi, ile iliyotoka kumwagiwa maji. Aliifahamu tangu utoto kwenye mashati ya baba yake. Alidhani imetoka kwa baba. Ila baba hakuwa amegusa chokaa kwa miaka.

*

Asubuhi mzee aliamka kabla yake. Alimkuta karakanani, amevaa shati safi, kidole chake kikizunguka hewani juu ya karatasi bila kuigusa.

"Tazama tumbo la nguzo," alisema. "Unaona?"

"Naona nguzo, Baba."

"Wewe unaona fremu. Picha huioni. Mama yako alikuwa hivyohivyo, ningemwonyesha mwezi angeuliza kipimo." Akacheka. "Nguzo imevimba kidogo hapa katikati. Kidogo tu. Ingenyooka kama fimbo, jicho lingeiona imebonyea. Mchoraji alijua. Na hii mifereji inayoshuka, hesabu uone, mistari inakaribiana kila nguzo inapogeuka kwenye kivuli. Na huu mlango... Weusi wote huu si wino uliomwagwa. Ni mistari juu ya mistari, imepishana, imepishana tena. Mtu alikaa akaujenga huu weusi kama tofali."

Mama Fremu aliinama. Kwa mara ya kwanza aliitazama picha si kwa ajili ya kuikatia kadi ya kuizungushia kingo. Ilikuwa kweli. Kila jiwe lilikuwa na uzito wake. Ngazi zilikuwa zimelika katikati, kana kwamba zimekanyagwa na vizazi. Jinsi alivyozidi kutazama ndivyo mlango ulivyozidi kuwa mbali ndani.

Alijiondoa, akajipangusa uso.

"Na hii je?" aliuliza. Nguzo ya mwisho, upande wa kulia, ilipanda vizuri kisha ikakoma. Zile nyingine zilikuwa na vichwa vya majani yaliyochongwa. Hii haikuwa na kitu. Kati yake na boriti palikuwa karatasi tupu. "Amesahau?"

"Mtu hasahau kichwa cha nguzo," mzee alisema. "Kimeachwa. Kazi haijaisha."

Siku hiyo alikunywa chai vikombe viwili.

Sasa, katika karakana ile kulikuwa na sharti moja ambalo mama yake hakulipunguza hata siku ya kazi nyingi. Kioo husafishwa kwa kitambaa kikavu. Hakihemewi. Watu wengi wakisafisha kioo au miwani hukipulizia pumzi ya mdomoni, wakasugua. Ndiyo njia ya haraka. Mama yake aliwahi kuwafukuza wasaidizi kwa kosa hilo. "Unyevu utaota ukungu, ukungu utakula karatasi," alikuwa akiwaambia wateja. Lakini binti yake alipokuwa mdogo alimpa maneno mengine, kwa ufupi: pumzi ya mtu isifungiwe na picha. Ikifungiwa, itatafuta pa kwenda. Alipomuuliza itakwenda wapi, alipewa kazi ya kufagia.

Mchana ule fremu ilikuwa imekauka, kadi imekatwa, kioo kimelala juu ya meza. Mteja akaita dirishani. Mama Fremu akaenda kumsikiliza, wakavutana kuhusu picha ya arusi iliyocheleweshwa, mteja akidai ndoa itavunjika kabla picha haijatundikwa. Aliporudi alimkuta baba yake amekishika kioo kwa mikono miwili, kinywa wazi, anakihemea. Haaa. Kisha anasugua kwa mkono wa shati. Haaa. Anasugua.

Kioo kilikuwa kinang'aa kama maji.

Mzee alimtazama kama mtoto anayesubiri kusifiwa.

Alijua alichopaswa kufanya. Kukichukua, kukifuta upya kwa spiriti na kitambaa, kukiacha kipate hewa. Dakika chache tu. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya kwanza baba yake kuifanya kwa mikono yake tangu msiba. Hakutaka kumfutia mbele ya macho yake.

"Umekisafisha vizuri, Baba," alisema.

Akakilaza juu ya kadi na picha. Akafunga ubao wa mgongoni, akapiga misumari midogo, akabandika karatasi ya kaki kingo zote, akaitoa hewa kwa kiganja mpaka ikakaza kama ngoma.

*

Fremu mpya haiondoki siku hiyohiyo. Hutundikwa kwanza, ionekane kama inakaa sawa. Mzee aliomba itundikwe sebuleni, mbele ya kiti chake. Mgeni hakuonekana siku iliyofuata, wala nyingine.

Mama Fremu aliliona doa jioni, alipopita na taulo. Doa la ukungu juu ya kioo, dogo kama sarafu, palepale mlangoni mwa jengo. Akalipangusa. Halikutoka. Lilikuwa upande wa ndani.

Akasimama na taulo lake.

Doa likafifia lenyewe. Likaisha. Kisha likarudi.

Likafifia.

Likarudi.

Alijikuta anahesabu, kama mtu anavyosikiliza aliyelala chumba cha pili. Kisha akageuka. Baba yake alikuwa kitini, macho kwenye picha, mikono magotini. Kifua chake kilishuka, doa likaja. Kilipanda, doa likaondoka.

"Baba."

Akamsogelea.

"Baba!"

"Mm?" Alitikisika. "Nimesikia. Unapiga kelele kama muuza samaki."

Mikono yake ilikuwa baridi. Mama Fremu aliichukua ili aisugue, akaona weupe chini ya kucha. Akanusa. Akakumbuka shati lililofungwa mpaka kooni, na akajua harufu ile ya chokaa ilitoka kwa nani.

Ilikuwa wakati wa kuogopa. Alijitafuta ndani, akapapasa pale woga unapokaa kwa mtu, hakukuta kitu. Akaenda kupasha maji.

Baada ya hapo ikawa kila jioni. Mchana mzee alikuwa mtu. Alinyoa ndevu. Alimkosoa jirani aliyekuwa anapiga ukuta wa uzio bila timazi, wakatukanana kwa furaha. "Ukuta wako umelewa, mwanangu, uutafutie pa kulala!" Alisimulia majengo aliyoyajenga, nani alianguka, nani alimwoa nani. Lakini jua likianza kushuka alikwenda kitini mwenyewe bila kuambiwa, akavua viatu, akavipanga, akatulia. Na sebule ikajaa ile harufu.

Kisha zikaanza sauti.

Ti. Ti. Ti.

Tindo juu ya jiwe. Mbali sana, kana kwamba nyuma ya mitaa kadhaa. Ukisogea kwenye kioo, ilikuwa karibu zaidi.

Ti. Ti. Ti.

Na ile nguzo ya mwisho... Mama Fremu aliichunguza kwa lenzi ya kazi. Juu ya boriti palikuwa na mistari ambayo haikuwapo. Miembamba, ya sindano. Mlingoti. Kapi, gurudumu la kupitishia kamba. Kamba inayoshuka. Na chini, kwenye ngazi, jiwe moja kubwa lililochongwa majani pande tatu. Upande wa nne ulikuwa bado mbichi.

Alimuuliza chakula kikiwa mezani. Mzee alikuwa amekula vijiko viwili akaweka kijiko.

"Jioni unakwenda wapi, Baba?"

Hakujifanya hakuelewa. Aliangalia mlango kwanza, kisha akashusha sauti.

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Ile. Wananihitaji, mwanangu. Hakuna anayejua majani kama mimi. Kuna mmoja mzuri wa mbao, jukwaa lile amelifunga yeye, na mwingine wa kamba. Watu wa heshima. Hatuongei sana."

"Ni akina nani?"

"Sikuwauliza majina. Kazini unamwita mtu fundi, inatosha."

Mama Fremu alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. Swali lilikuwa kinywani tangu siku ya kwanza.

"Mama yuko huko?"

Mzee alimtazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyomuumiza, kwa mbali, kama pini juu ya ganzi.

"Hapana," alisema. "Huko hakuna wafu. Huko kuna kazi tu."

"Utaacha lini?"

"Kikikaa kichwa." Akatabasamu. "Magoti hayaniumi huko, unajua? Napanda kama paka."

Alitaka kuishusha picha siku ileile. Alifika mpaka mbele yake, akaweka mikono kwenye fremu. Kisha akamsikia mzee chumbani kwake anaimba, akitafuta soksi. Kuimba! Angeishusha, angemrudisha wapi? Kwenye ukuta. Kwenye ndiyo, hapana, nimeshiba. Akaondoa mikono.

Lakini mzee alikuwa anaisha. Shati lilikuwa linamning'inia. Mashavu yamebonyea. Kila jioni alichukua muda mrefu zaidi kurudi, na kila aliporudi kidogo kilikuwa kimebaki huko. Siku moja alilitafuta jina la binti yake, halikuja, akamwita "fundi". Wakacheka wote wawili. Mama Fremu alicheka kwa sababu baba yake anacheka.

*

Siku ya kupandisha jiwe mzee alimwambia mchana, kama mtu anayeaga safari.

"Leo tunalipandisha. Usinisumbue, hata ukiniona vipi. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Kazi ya kamba haitaki mtu wa kumwita mwenzake."

Alikuwa karakanani anapiga randa ubao wakati mwanga ulipoanza kuwa wa kijivu. Alipiga randa muda mrefu kuliko ubao ulivyohitaji. Aliposimama ili apumue, alisikia.

Kapi.

Ilikuwa inalia. Kwiiik... kwiiik... Polepole. Chini ya mlio huo sauti za wanaume, nyingi, za chini, zikisaidiana kuvuta. Haya... haya... haya...

Akaenda sebuleni.

Baba yake amekaa wima kitini, mikono ameinyoosha mbele, imefumbata hewa. Mishipa ya shingo imesimama. Macho wazi.

Akasogea mbele yake. Akaangalia kifua.

Hakikupanda.

Akasubiri.

Hakikupanda.

Akageukia picha. Kioo chote kilikuwa na ukungu sasa, kutoka kona hadi kona, na ukungu ule haukuwa unafifia. Ulikuwa unahema. Nyuma yake mistari ilikuwa inasogea. Hakuona watu. Aliona kamba imekaza, na jiwe liko hewani, karibu na shingo ya nguzo, linazunguka taratibu.

Kwiiik... Haya...

"Baba," alinong'ona.

Midomo ya mzee ilisogea. Sauti haikutoka kwake. Ilitoka ukutani, nyuma ya kioo, nyembamba kama inapita kwenye ufa.

"Bado... kidogo... usifungue..."

Akaweka mkono puani pa mzee. Hapakuwa na kitu. Shavu lilikuwa la jiwe. Na hapo ndipo, bila kutegemea, ile ganzi ikapasuka mahali pamoja, padogo, na kilichotoka hakikuwa huzuni. Kilikuwa ni neno moja tu.

Hapana.

Akaishusha picha. Ilikuwa nzito, nzito kupita ubao na kioo, akaipiga chini kifudifudi. Kisu cha kadi kilikuwa mfukoni mwa aproni. Akakichomeka kwenye karatasi ya kaki.

"Mwanangu, usi..."

Akachana. Upande wa juu, wa kulia, wa chini. Akang'oa misumari kwa ncha ya kisu, akavunja ubao wa mgongoni kwa vidole.

Pumzi ikatoka.

Ilimpiga usoni, baridi, yenye chokaa na jasho na kamba mbichi. Haikuwa pumzi ya mtu mmoja. Ndani yake akasikia kapi ikizunguka ovyo, haraka, haraka zaidi, na sauti za wanaume zikipaa pamoja.

Kisha kishindo. Kioo cha dirisha kilitetemeka.

Kisha kimya.

Nyuma yake baba yake alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Alikohoa, akainama, akakohoa tena. Mama Fremu alimkumbatia. Alikuwa na joto. Alikuwa na joto, anatetemeka, anahema.

"Umerudi," alimwambia. "Umerudi, Baba. Basi."

Mzee alifumbua viganja vyake, akaviangalia. Ngozi ilikuwa imechunika katikati, mstari mpana mwekundu, mkono wa kulia na wa kushoto.

"Nilikuwa nimeshika kamba," alisema.

"Imekwisha, Baba."

"Wewe." Alimtazama kana kwamba anataka kumweleza jambo rahisi sana. "Nilikuwa nimeshika kamba. Kuna watu walikuwa chini."

*

Mgeni alikuja kesho yake, mwanga ukiwa unaondoka. Hakubisha. Mama Fremu alikuwa ameifungia picha ndani ya gazeti, bila fremu. Hakuwa ameiangalia. Mgeni aliifungua palepale mezani, akaitazama kwa muda. Kutoka upande wake wa meza Mama Fremu aliona kwenye ngazi mistari mingi iliyovurugika, kama pale sindano inapoteleza juu ya bamba. Akaondoa macho.

Nguzo ya mwisho ilikuwa bado haina kichwa.

"Ilibaki kidogo," mgeni alisema.

"Nilimtaka baba yangu."

"Najua. Kila mtu anamtaka wake." Hakuwa na hasira. Alikunja gazeti pembe kwa pembe, kwa uangalifu. "Wazee wa kazi wako wengi, mama. Wamekaa tu majumbani, wanatazama kuta."

"Wewe ni nani?"

"Mimi nabeba picha."

Akatoka. Barabarani taa zikawaka, na hakuwa chini ya taa yoyote.

Baba yake aliishi. Vidonda vya viganja alimfunga bandeji, vikakauka, vikaacha makovu manene. Alirudi kitini, akautazama ukuta pale palipobaki msumari. Ndiyo. Hapana. Nimeshiba. Lakini alikuwa anapumua, na kila alfajiri Mama Fremu alisimama mlangoni pa chumba chake akasikiliza mpaka akaridhika, kisha akaenda kufungua karakana. Alijiambia hilo linatosha. Siku nyingi lilitosha.

Halafu akaja mwanamke mmoja, mtu mzima, mgeni wa mtaa ule, ameelekezwa na watu. Alikuwa na kitambaa cheusi kichwani na kifurushi kikubwa kifuani, amekikumbatia kama mtoto anayelala.

"Hodi. Ndiwe Mama Fremu?"

"Karibu, mama. Ndimi."

"Nimeletewa sifa zako." Aliweka kifurushi mezani na kukifungua. "Ni kioo tu kimepasuka. Nataka unitilie kingine. Nimekuja na pikipiki, dereva kaniambia nimebeba dirisha la msikiti au la kanisa." Alijaribu kucheka.

Kioo kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona. Chini yake, ngazi pana. Safu ya nguzo. Mlango mweusi. Na nguzo ya kulia, isiyo na kichwa.

Picha za bamba hazizaliwi peke yake. Bamba moja huzaa nyingi, zote sawa, mpaka shaba ichoke. Jambo hilo Mama Fremu alilijua tangu siku ya kwanza alipoliona lile bonde la ukingo. Hakuwa amelifikiria.

"Ilikuwa ya marehemu mume wangu," mwanamke alisema. "Alikuwa seremala. Mtu mmoja alimwachia, hata simjui. Akaipenda! Alikuwa ameacha kuongea tangu alipostaafu, ikamrudisha. Kila jioni hapo mbele yake." Alipangusa kona ya fremu kwa kidole. "Ndipo alipokufia, amekaa anaitazama. Tulisikia kishindo tukadhani ameanguka. Alikuwa kitini. Ila kifua... Daktari alituuliza ni kitu gani kizito kilimwangukia."

Mama Fremu aliinua rula. Akapima upana. Akapima urefu. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe, na hakuisikia.

"Ilikuwa lini, mama?" alisikia sauti yake inauliza.

Mwanamke akaitaja jioni ileile ya kishindo.

Nyuma, sebuleni, kiti kililia. Nyayo zikaja taratibu kwenye kikorido, zikasimama, zikaja tena. Baba yake alitokea mlangoni. Aliitazama picha juu ya meza, kisha mwanamke, kitambaa chake cheusi, uso wake uliovimba kwa kulia.

"Shikamoo, mzee," mwanamke alisema, akasimama kwa heshima na kunyoosha mkono.

"Marahaba, mama," mzee alijibu. "Pole sana. Pole."

Na hakumpa mkono. Alisimama pale kizingitini, ameificha yote miwili nyuma.